Anza Chini ya Kitanda

Kila Jumamosi mchana nikipita katika mitaa ya Bunia nasikia mafagio. Akina mama na wasichana wanafagia viwanja. Wanafagia vizuri kabisa, hata alama za ufagio zinaonekana katika udongo kama mistari ya shamba lililolimwa. Kisha wanaingia saloni, wanapanguza meza, wanatandika vitambaa vyeupe juu ya viti, na wanasema, "Tumemaliza." Siku ya Mungu wageni wakija wanasifu, "Mama, nyumba yako ni safi."

Sisemi kwamba kazi hiyo ni mbaya. Lakini nimewatunza wagonjwa karibu miaka ishirini, nami nasema wazi: nyumba nyingi zinazosifiwa hivi si safi. Tunasafisha mahali ambapo wageni wanaketi saa moja, na tunaacha mahali ambapo watoto wetu wanalala usiku kucha. Tumeanza kazi mkiani. Kusafisha nyumba kunapaswa kuanza katika chumba cha kulala, tena chini ya kitanda, na saloni iwe ya mwisho. Najua neno hili halitapendwa na kila mtu. Sikilizeni kwanza sababu yangu.

Mama mmoja alitufikia kutoka vilima vya Djugu. Binti yake wa miaka tisa alibebwa mgongoni na kaka yake, kwa maana hakuweza kunyosha mguu.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa."

"Mtoto anaugua tangu lini?"

"Tangu juzi, papa. Mwili ni moto sana. Tena kuna kitu kimevimba hapa, kwenye kinena. Ukimgusa analia."

"Na nyumbani, kuna mwingine aliyeugua?"

Alinyamaza. Kisha alisema kwamba mdogo wa yule binti, mtoto wa miaka sita, walikuwa wamemzika jana yake.

Nilimwuliza habari za panya. Aliona kama ninamtukana. Alisema, "Papa, nyumba yangu ni safi. Ninafagia kila asubuhi, uliza majirani." Nikamwambia kwamba sikutaka kumwaibisha, nilitaka kumponya mtoto. Ndipo alipokumbuka. Siku chache mbele ya ugonjwa aliinua mkeka akakuta panya wawili wamekufa. Akamwambia binti yake awatoe. Binti aliwashika mkia, akawapeleka kwenye migomba akawatupa, na mdogo wake alimfuata nyuma akicheza.

Mnaona neno gani hapa? Mama huyu hakuwa mvivu. Alisafisha nyumba yake, akatoa uchafu nje, akamfundisha binti yake kazi. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba panya aliyekufa bila kupigwa na mtu wala kukamatwa na paka si takataka ya kawaida.

Ugonjwa ule ni tauni. Watu wengine wanadhani tauni ni habari ya zamani tu, ya vitabu. Hapana. Katika Ituri yetu inajulikana tangu miaka ya 1920, katika vilima vilivyo juu ya Ziwa Albert, na inarudi mara kwa mara. Mwaka wa 2020 watu waliugua na kufa katika zoni ya afya ya Rethy. Ng'ambo ya mpaka, katika vilima vya West Nile huko Uganda, ni ugonjwa uleule, kwa maana panya hawaulizwi pasi mpakani. Unaletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Mganga Alexandre Yersin alikiona kwa darubini mwaka wa 1894 huko Hong Kong. Kijidudu kinakaa katika damu ya panya. Kiroboto anamnyonya panya, naye anakipokea. Panya akifa, mwili wake unapoa. Kiroboto hapendi mwili wa baridi. Anaruka kutafuta damu nyingine ya moto, na aliye karibu ni nani? Ni mtoto aliyelala chini juu ya mkeka.

Karibu miaka minne baada ya Yersin, Mfaransa mwingine, Paul-Louis Simond, alikuwa India wakati wa tauni kubwa. Alisikia habari ya kiwanda kimoja cha sufu. Asubuhi moja wafanyakazi walikuta panya wengi wamekufa sakafuni. Watu 20 waliamriwa kusafisha. Walisafisha. Kwa siku tatu 10 kati yao wakashikwa na tauni, na wengine wa kiwanda ambao hawakusafisha hawakuugua. Simond alitazama tena, akaona kwamba panya aliyekufa sasa hivi ni hatari, lakini aliyekufa zamani, aliyekwisha kupoa, hadhuru sana, kwa sababu viroboto wamekwisha kumwacha. Mwaka wa 1898 alihakikisha neno hili huko Karachi kwa kuweka panya mgonjwa na panya mzima mahali pamoja bila kugusana. Yule mzima akaugua kwa viroboto. Waganga wenzake hawakumsadiki kwa miaka kadhaa. (Hata sisi waganga tuna vichwa vigumu.)

Nyinyi msomao Biblia mtakumbuka pia Wafilisti waliolirudisha sanduku pamoja na majipu ya dhahabu na panya wa dhahabu. Mimi si mwalimu mkubwa wa kueleza maneno yale yote, lakini kila nikisoma panya na uvimbe mahali pamoja nawakumbuka watu wa vilima vyetu.

Basi, kusafisha ni kazi yenye utaratibu. Ukianza vibaya, ufagio wako unaweza kuleta kifo ndani ya nyumba badala ya kukitoa. Utaratibu wenyewe si mgumu: viroboto kwanza, panya baadaye. Mtu anayenunua sumu ya panya kwa vijana wa sokoni na kuimwaga nyumbani wakati wa tauni anafanya kinyume. Anaua panya 5 usiku mmoja, na viroboto wao wote wanatafuta bwana mpya. Tena ile sumu watoto wanaiokota na kuila. Siipendi hata kidogo.

Ukikuta panya amekufa bila sababu, usimguse kwa mkono, wala usimtume mtoto. Watoe watoto katika chumba kile. Tuma habari upesi kwa kituo cha afya, kwa maana wao wanapaswa kujua, na katika mahali pa tauni wanayo dawa ya unga ya kuua viroboto, inayonyunyizwa sakafuni, pembeni mwa kuta na kwenye matundu. Kama hakuna msaada wa karibu, mnyunyizie panya na mahali alipolala dawa ya kuua wadudu wa nyumbani, ngoja, kisha mchukue kwa jembe na kumzika chini sana. Usichukue dawa ya shamba na kuipaka kitandani au kichwani mwa mtoto. Nimeona mtoto aliyetiwa dawa ya maharagi kichwani kwa ajili ya chawa. Alitutaabisha usiku mzima.

Sasa tuingie katika chumba cha kulala. Chagua siku ya jua. Toa kila kitu nje: kitanda, mkeka, matela, mablanketi, nguo zilizotundikwa, sanduku, viatu, na lile furushi ambalo hakuna anayejua lina nini. Usiseme, "Hiki kizito, nitafagia kando yake." Kando ya kile kizito ndipo panya wanapozaa. Mablanketi na nguo za kulalia fua katika maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuvumilia, kisha anika juani mchana wote. Matela haiwezi kufuliwa, lakini inaweza kupigwa fimbo na kugeuzwa juani.

Chumba kikiwa kitupu, fungua dirisha. Kama hakuna dirisha, hili ni neno la kuzungumza na baba mwenye nyumba. Huko Rethy baridi ni kali, najua, na watu wanaziba kila tundu. Lakini chumba kisicho na mwanga hakiwezi kusafishwa, kwa sababu huoni unachofanya. Yule mwanamke wa mfano wa Bwana Yesu aliyetafuta shilingi yake aliwasha taa kwanza, ndipo akafagia. Tena katika chumba chenye giza na watu wengi, kikohozi cha kifua kikuu kinapita kutoka kwa mmoja hata kwa mwingine kwa urahisi.

Nyunyiza maji kidogo mbele ya kufagia, vumbi lisipande. Fagia kutoka pembeni kuja mlangoni, usipeleke uchafu pembeni. Angalia nyufa za sakafu. Kiroboto anazaa mayai yasiyoshikamana na mnyama. Yanaanguka chini katika vumbi, na funza wake wadogo wanaishi humo, wanakula uchafu, kisha wanajifungia ndani ya kifuko na kungoja. Wanaweza kungoja majuma mengi. Wakisikia sakafu inatikisika kwa miguu ya watu, wanatoka. Ndiyo sababu mtu anayehamia nyumba iliyokuwa tupu anashambuliwa usiku wa kwanza, akasema amerogwa. Hakurogwa. Ni kwa sababu hiyo pia kusafisha mara moja hakutoshi. Baada ya majuma mawili rudia kazi ileile, mpaka kizazi cha pili nacho kiishe. Sakafu ya udongo ikande upya, nyufa zote zijae. Matundu ya ukuta wa potopoto, hata lile linaloingia kidole gumba tu, liziba kwa mawe na udongo.

Kisha uliza: kwa nini panya alikuja kulala na sisi? Jibu liko kwenye gunia. Katika nyumba zetu nyingi mahindi na maharagi vinawekwa chumbani, chini ya kitanda au kichwani mwa kitanda, kwa kuogopa wezi. Siwalaumu watu kwa woga huo. Tumeona vita, tumekimbia, tumerudi na kukuta ghala tupu, na mtu aliyepoteza mavuno yake mara mbili anataka kulala juu yake mara ya tatu. Lakini panya naye anajua yalipo. Kama hakuna ghala nje, weka chakula ndani ya pipa au bidoni yenye kifuniko. Kama ni gunia tu, liweke juu ya meza ya miti, mbali na ukuta, na mbali na mahali pa kulala kadiri mnavyoweza. Mbuzi na kuku wajengewe chao. Nao wana viroboto.

Hapa nina neno na akina baba. Tumezoea kusema kwamba kusafisha ni kazi ya mama. Je, ni nani anayeweza kuinua gunia la kilo 100 peke yake? Mama mwenye mimba? Mama akifagia kando ya gunia kila siku kwa miezi sita, si kosa lake. Ni kosa la mwanaume ambaye anaketi nje na kungoja aitwe chakula kikiwa tayari. Kitanda nacho ni kazi ya baba. Watoto wasilale chini. Siyo lazima kununua kitanda cha fundi. Miti minne yenye panda, vijiti vya kupitisha na kamba, kazi ya mchana mmoja. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba mwanaume anayeshika ufagio anapoteza heshima. Nilimjibu kwamba nimewaona wanaume wengi hospitalini wakimzika mtoto, na hakuna aliyekuwa akifikiri habari ya heshima.

Wengine wataniambia, "Papa, unasema habari ya vyumba. Sisi tuna chumba kimoja." Au, "Sisi tunakaa katika hema ya wakimbizi, hakuna kitanda wala dirisha." Neno hili ni kweli, nami sina jibu la kutosha. Nimeingia katika vibanda vya kambi ambamo watu wanane wanalala mahali pa watu wawili. Mtu asiwahubirie hao kama kwamba uchafu ni dhambi yao. Lakini hata humo nimeona tofauti. Mama mmoja anatoa kila kitu juani mara moja kwa juma, anafunga unga wake ndani ya ndoo yenye kifuniko, na anawaosha watoto miguu mbele ya kulala. Jirani yake hafanyi. Watoto wa huyu wanakuja kwetu na funza katika vidole, na wa yule hawaji mara nyingi. Zaidi ya hapo ni kazi ya wale wanaosimamia kambi, nao wasijifiche nyuma ya mahubiri yetu ya sabuni.

Jikoni sitakaa sana, kwa maana mama wanakujua kuliko mimi. Vyombo visilale na mabaki ya ugali na sombe, kwa sababu panya na mende wanakula usiku. Maji ya kunywa yafunikwe. Kata za kuchotea zisitupwe chini. Moshi utafutiwe njia ya kutoka.

Juu ya choo na mahali pa mgonjwa, tulipata somo la bei kubwa. Tangu Agosti 2018 hata Juni 2020 Ebola ilikuwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Siku zile kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini, mlango wa kanisa, wa soko, wa duka. Leo nenda utafute ndoo zile. Nyingine zinabebea mchanga. Tulisafisha kwa sababu ya woga, na woga ulipokwisha tukaacha. Tena wengi hawakuelewa kazi ya klorini. Walimwaga Javel juu ya matapishi na uchafu wakidhani imekwisha. Nyumbani, kwa uchafu wa kila siku, osha kwanza kwa sabuni na maji, uchafu utoke, ndipo umwage Javel, kwa maana uchafu unamaliza nguvu ya klorini kabla haijaua kitu. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo, inatoa hewa ya sumu. Lakini kama mnashuku Ebola, msiguse kabisa matapishi wala damu ya mgonjwa. Iteni watu wa afya.

Na saloni? Panguza meza. Yatosha.

Sasa nitaungama neno langu mwenyewe, msidhani kwamba nahukumu tu. Usiku ule baada ya kumwandalia dawa yule binti wa vilima nilirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa ametandika saloni vizuri kwa sababu wazee walikuwa wanakuja kesho yake. Nilichukua taa nikaingia chumbani, nikainua kitanda chetu. Chini yake palikuwa na sanduku la karatasi za zamani za mafundisho ya Shule ya Jumapili ambazo mimi mwenyewe nilikataa zisitupwe. Nililifungua. Panya alikuwa ametafuna masomo ya mwaka mzima na kufanya kiota, na ndani yake mlikuwa na watoto wake watano, wekundu, hawajafungua macho. Mke wangu alinitazama tu. Kwa miaka mitatu alikuwa akiniambia habari ya sanduku lile. Wazee walipokuja kesho yake walinikuta nje, matela juu ya ukuta, na mikono yangu imejaa udongo wa kuziba matundu.

Yule binti alipona. Tauni inapona kwa dawa kama mgonjwa akifika mapema. Bila dawa, katika watu 100 wenye tauni ya uvimbe wanakufa 30 hata 60, na ile ya mapafu, inayopita kwa kikohozi, karibu wote wanakufa. Homa ya ghafula pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo, katika mahali ambapo panya wanakufa, ni safari ya leo, si ya kesho. Watu waliokaa karibu na mgonjwa nao waje wapewe dawa ya kuwakinga. Tuliwapa dawa mama na kaka, na watu wa zoni walikwenda kwao kunyunyiza dawa ya viroboto katika nyumba ile na za majirani.

Miezi miwili baadaye baba wa binti alikuja hospitalini. Sikuwa nimemwona mbele ya hapo. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akaniuliza kitanda cha watoto kiwe na urefu gani kutoka chini. Nilimwambia kifike kwenye goti la mtu mzima, na kisiguse ukuta. Alipima kwa goti lake mwenyewe, akakata kijiti kwa kipimo hicho, akakitia ndani ya kofia na kwenda nacho.